Masale ya Magdalena

Jumanne asubuhi Magdalena alitoka na kikapu kwenda kuchuma pilipili manga, akakuta mpaka wa shamba lake haupo. Masale yote thelathini na nane, yaliyopandwa na bibi mzaa mama yake, yalikuwa yameng'olewa. Mashimo yalikuwa ya mviringo, safi, na udongo umekusanywa pembeni. Mwizi gani huyu wa Matombo anayechimba kwa adabu hivi?

Kwa Waluguru shamba hufuata ukoo wa mama, na msimamizi wake ni mjomba. Magdalena akaenda kwa Mjomba Lukasi, akamkuta barazani anakunywa chai.

"Wezi hao," mjomba alisema. "Usihangaike, mwanangu."

Alisema hivyo kabla hajaulizwa kitu. Kikulacho ki nguoni mwako, na Magdalena akaanza kupekua nguo.

Shamba nalo likaanza kuondoka. Jumatano lilikuwa limepungua hatua nne upande wa mto. Alhamisi migomba saba haikuonekana, na mashamba ya majirani wawili yakazidi kusogeleana. Watu walimpa pole wakaendelea na shughuli zao, kwani kila mtu anajua shamba hufuata mpaka wake ulikokwenda. Jumapili baada ya misa palikuwa pamebaki pa kusimama mtu mmoja, tena abane miguu. Magdalena akajifunga khanga, akadandia lori la ndizi kwenda Morogoro mjini. Harufu ya udongo wa mama yake aliijua, hata angefungwa macho.

Harufu ilimfikisha Bigwa, kwenye nyumba ya mfanyabiashara aitwaye Abdulswamad. Tajiri huyo alitaka bustani ya kisasa, na kweli aliipata: vibao vya zege vya kijivu, kokoto nyeupe, ukuta unaotiririsha maji, wala hakuna hata kimoja cha kutia chunguni. Masale thelathini na nane yalikuwa yamepangwa kuizunguka. Ila bustani ilikuwa imeinama kama ubavu wa mlima, kokoto zote zimeporomokea kona moja, na migomba saba imesimama katikati ya zege. Saa kumi juu ya alama manyunyu ya Matombo yalianza kunyesha ndani ya masale. Nje ya masale vumbi lilikuwa vumbi.

Hatibu, fundi wa bustani, alikuwa anachimba mtaro wa maji hayo. Akamwamkia.

"Hili ni shamba langu," Magdalena alimwambia.

"Nimeona, mama. Huu mteremko sikuuchora mimi."

"Masale kakuuzia nani?"

"Mzee Lukasi wa huko kwenu. Alisema ni maua ya marehemu dada yake, yeye ndiye mwenye kauli."

Marehemu dada yake ndiye mama yake Magdalena. Magdalena alikuwa ameshamshuku mjomba tangu ile chai, lakini kushuku si kusikia.

Alirudi Matombo kuwashtakia wazee wa ukoo. Wazee wakamsikiliza vizuri, kisha wakauliza shamba liko wapi wakalikague. Akajibu liko Bigwa. Wakatazamana, wakasema ukoo wao haujawahi kuwa na shamba Bigwa. Mjomba Lukasi, aliyekuwa mwenyekiti wa kikao, akafunga kwa sala.

Abdulswamad hakuwa mtu mbaya sana. Magdalena aliporudi Bigwa, alimwonyesha hati ya kiwanja, akamweleza kwamba kilichomo ndani ya ukuta ni chake, kisha akamwomba abaki aitunze bustani, kwa kuwa mteremko ule aliuzoea. Magdalena akabaki. Angekwenda kulima wapi? Migomba ilikatwa wiki ileile, maana ilikuwa inaharibu mtindo.

Ijumaa moja Mjomba Lukasi aliingia getini na koti jipya. Alikuwa ameitwa atoe ushauri juu ya mimea mingine ya milimani. Magdalena alimchukia kwa moyo wake wote. Lakini mjomba ni mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kazi inakwenda?"

Akaizunguka bustani polepole, mikono nyuma, huku manyunyu yakimlowesha koti. Akasimama kati ya vibao viwili, mahali ambapo magimbi ya marehemu mama yake Magdalena yalikuwa yamechipua, akayagusa kwa ncha ya kiatu.

"Hapa umeacha magugu," alisema.

Magdalena akapiga magoti, akayang'oa.