Mama Ova Anasikiliza

Kaka yake alimfukuza kazi saa tatu asubuhi, uani, mbele ya madereva watano na gari dogo lililokuwa bado linaning'inia kwenye mnyororo.

"Weka maiki chini, utoke," alimwambia. "Habari zetu zinamfikia Mwewe kabla hazijawafikia madereva wangu. Wanaozijua ni wawili, mimi na wewe. Mimi sijajichongea mwenyewe."

Madereva walitazama viatu vyao. Hata Kreni, dereva mkongwe kuliko wote, mtu wa kubishana na kila kiumbe, siku hiyo aliona viatu vyake vina jambo la kusomeka.

Kwa miaka kumi na mmoja yule mwanamke alikuwa amekaa kwenye chumba kidogo cha karakana ya kaka yake, akipokea simu za watu walioharibikiwa na magari njiani, kisha akiwaelekeza madereva wa magari ya kuvuta kwa simu ya upepo. Kila sentensi aliimalizia kwa "ova", neno la redioni la kusema nimemaliza, zamu yako, hata akiagiza chai, mpaka watu wakamwita Mama Ova na jina lake la utotoni likabaki kwenye vyeti. Alikuwa na sauti ya upole na woga wa watu, lakini kwenye maiki hakuwahi kukosea barabara hata moja.

Mwewe alikuwa na karakana upande wa pili wa mji. Jina hilo alilipata kwa kunyakua. Kila gari lilipoanguka mahali, Kreni alifika na kumkuta Mwewe ameshalifunga mnyororo, anachekelea. Kilichommaliza Mama Ova ni kwamba miaka minne iliyopita, baada ya mumewe kufariki, Mwewe alikuja kumposa. Alimkatalia mlangoni, chai yenyewe hakumpa. Lakini kaka yake alikumbuka kuja tu, kukataliwa akakusahau.

Siku ya kwanza nyumbani alilia. Siku ya pili alifua mapazia. Siku ya tatu alikaa kitandani akawaza jinsi ya kuwalipiza wote wawili, kaka yake na Mwewe, na kwa mara ya kwanza tangu afukuzwe akasikia njaa.

Jirani yake alikuwa fundi mstaafu wa mitambo ya mawasiliano ya uwanja wa ndege, mzee mkavu aliyezungukwa na nyaya kama mahindi kwenye maganda. Alipomwona amekaa kibarazani siku nzima, alimletea kidude cheusi, kikubwa kidogo kuliko simu, chenye antena fupi.

"Hii ni skana, mwanangu. Haisemi, inasikiliza tu. Inapita masafa moja baada ya jingine, ikikuta mtu anaongea inasimama. Kwa mtu aliyezoea sauti za watu kama wewe, ni afadhali kuliko kuongea na mapazia."

"Umenisikia?"

"Mtaa mzima umekusikia."

Akamfundisha. Alimwonyesha kitufe cha kuzungusha cha kukata mchakacho: ukikifungua sana unasikia mvua ya kelele, ukikikaza sana hata walio karibu hawasikiki, kwa hiyo unakisogeza taratibu mpaka kelele inyamaze tu, hapo unaacha. Alimwonyesha kuruka masafa yanayovuma bure ili skana isinase hapo siku nzima. Alimpa daftari la mistari aandike kila alichokisikia: namba ya masafa, saa, nani. "Ya polisi tunayaacha," alisema. "Sheria hairuhusu, na mimi sitaki kuzeekea rumande." Mwisho akafunga waya mrefu kwenye kamba ya kuanikia nguo, akauchomeka kwenye skana, na sauti zikaja.

Kulikuwa na rubani aliyeomba kutua kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Kulikuwa na walinzi wa jengo la maduka waliobishana saa nzima nani alikula embe la mwenzake. Mama Ova aliandika yote kwa mwandiko wa kishule. Wiki moja haikuisha, alikuwa anawajua walinzi kwa kikohozi. Fundi alifurahi kupata mwenzake. Hakujua kwamba ukurasa wa mwisho wa daftari una neno moja juu, *Mwewe*, na chini yake nafasi tupu inayongoja namba.

"Babu Fundi," alimuuliza siku moja, macho chini, "ukitaka kujua mtu fulani anatumia masafa gani, unafanyaje?"

"Unakaa karibu naye. Redio iliyo karibu inapiga kelele kuliko zote. Iache skana isake, itamkamata yenyewe." Akamtazama. "Mtu gani?"

"Mtu tu."

Alikaa siku tano kwenye benchi la mshona viatu, mkabala na geti la Mwewe, skana ndani ya mkoba wa kitenge na waya wa kusikilizia umefichwa chini ya ushungi. Mshona viatu alimshonea kandambili mara mbili bila kuombwa. Siku ya tano, saa nne asubuhi, gari la Mwewe lilitoka getini kwa kishindo na skana ikasimama papo hapo.

"Nawahi daraja la reli," alisema Mwewe sikioni mwake, karibu kama amekaa naye benchi moja. "Lori limekatika ekseli. Leteni mnyororo mzito."

Na nyuma ya sauti yake, ndogo, kama mtu anayeongea chumba cha pili, kulikuwa na sauti nyingine: "Kreni, Kreni, daraja la reli, fanya haraka, Mwewe asikutangulie."

Ilikuwa sauti ya kaka yake.

Mshona viatu alimuuliza Mama Ova kama anaumwa. Aliyezoea maiki angejua mara moja. Mwewe alikuwa na skana yake garini, inasikiliza masafa ya kaka yake kutwa. Na kwa pupa, alipobonyeza kitufe kuwaita watu wake, hakukumbuka kuipunguza sauti. Maiki yake ikaimeza na kuitangaza mji mzima. Hakuna aliyemuuza kaka yake. Kaka yake alikuwa anajiuza mwenyewe hewani, kila siku, kwa sauti kubwa.

Angeweza kwenda kumwambia siku ile ile. Aliitafuta nafsi yake inayotaka kufanya hivyo, hakuiona. Alienda kwa Kreni.

"Siku ile uliangalia viatu," alimwambia.

"Mama Ova, ningesema nini? Sikuwa na la kusema."

"Leo unalo. Nitakufundisha."

Kreni alisikiliza mpango wote, mdomo ukapanuka taratibu. "Dada yangu," alisema, "na huo upole wako wote, haya yalikuwa yamekaa wapi?"

Walingoja mvua. Ilipokuja, ilinyesha siku mbili mfululizo, na siku ya tatu mchana Kreni akaita hewani kwa sauti ya mtu aliyeona maajabu: "Bosi, treila zima limelala kwenye machimbo ya udongo wa matofali, chini kabisa! Kichwa na tela, vyote! Nakwenda!" Kisha akaegesha gari lake juu, kwenye lami, akajifunika koti.

Wakati huo Mama Ova alikuwa anaingia ofisini kwa kaka yake, amelowa manyunyu, skana mkononi.

"Wewe unataka nini hapa?"

"Kaa, Kaka. Usikilize."

"Nina treila zima limeanguka, sina muda wa..."

"Hakuna treila." Aliiweka skana mezani, juu ya karatasi zake. "Hii nimeifungia kwenye masafa ya Mwewe peke yake. Haitoki hapo. Utakachokisikia kinatoka kwenye gari lake."

Kikatoka. Mwewe alikuwa anafoka: ameingia machimboni, hakuna treila wala tairi la treila, gari limezama mpaka kwenye ekseli, leteni gari la pili. Zikapita dakika chache, kisha ikaja sauti ya dereva wa gari la pili ikisema, kwa unyonge, kwamba na lenyewe limezama.

Kaka yake alianza kucheka, akaacha katikati. "Amejuaje kuhusu machimbo?"

"Mwite Kreni."

"Kwa nini?"

"Mwite tu."

Akashika maiki. "Kreni, Kreni, uko wapi?"

Na kutoka mezani, ndani kabisa ya matusi ya Mwewe, sauti yake mwenyewe ikamrudia, ndogo na ya bati: *Kreni, Kreni, uko wapi?*

Kaka yake aliitazama maiki. Aliitazama skana. Akabonyeza tena, akasema "moja, mbili" polepole kama mgonjwa anayejipima homa, na moja mbili ikamrudia kutoka kwenye tope la machimbo. Akakaa.

Simu ya mezani ikalia. Winchi yenye kamba ndefu ya kufika chini kule ilikuwa moja tu mjini, na ilikuwa uani kwao. Mama Ova aliipokea yeye.

"Karakana, karibu, ova."

Upande wa pili alikuwa Mwewe. "Ni wewe?"

"Ni mimi. Bwana harusi aliyekosekana, umekwama? Pole. Mwambie kaka yangu nani alikupa habari za treila, kisha tutakuweka kwenye foleni. Foleni ni ndefu."

Akampa kaka yake simu. Majibu ya Mwewe hakuyasikia. Aliuona uso wa kaka yake tu, jinsi damu ilivyokuwa inapanda na kushuka.

Alipoweka simu, kaka yake alisema, "Kesho uje kazini."

"Ulinifukuza mbele ya madereva watano. Sema mbele ya madereva watano. Hewani. Mimi nitakuwa nyumbani nasikiliza."

"Kila mwenye skana mji huu atasikia!"

"Ndiyo."

Saa kumi na moja jioni alikaa kibarazani na Fundi, waya ukitikisika kwenye kamba ya nguo. Skana ikasimama. "Magari yote," ilisema sauti ya kaka yake, nzito. "Nilimsingizia mdogo wangu mbele yenu. Hakuuza chochote. Nilikosea." Mmoja mmoja madereva wakajibu: nimepokea, nimepokea, nimepokea. Kreni alijibu mara mbili.

Mama Ova akapiga simu ofisini. "Kaka, hewa ilikuwa chafu. Sikusikia vizuri. Rudia."

Akarudia.

"Mbona imesikika safi kama kioo?" alishangaa Fundi.

"Nyamaza, Babu." Akapiga tena. "Bado kuna mchakacho."

Mara ya tatu sauti ilikwama katikati. Kaka yake aliacha maneno aliyoyapanga, akasema tu, "Mdogo wangu, nisamehe," na maiki ikabaki wazi kidogo, anapumua. Mama Ova alijifuta macho kwa ncha ya ushungi.

Kisha akaichukua simu, akabonyeza namba ya ofisi kwa mara ya tatu.