Mzinga wa Katarina

Siku ile soko la Kashaulili lilichemka, na aliyelichemsha ni Katarina, mjane muuza ugali na dagaa. Mkwaju aliokuwa akipikia chini yake ulikuwa ukatwe asubuhi hiyohiyo, ili malori ya tumbaku yapate barabara pana. Na jua la Mpanda la mwezi wa kumi mnalijua nyie! Bila kivuli kile, nani angekaa kula ugali wa moto? Na yeye na wanawe wanne wangekula nini?

Basi wakataji saba wakafika na mashoka yao, wakatazama juu, wakagwaya. Katikati ya matawi ulining'inia mzinga wa gome.

"Una mwenyewe huu," akasema Gaspar, mkubwa wao, Mkonongo aliyekulia kwenye nyuki. "Kwetu mti wenye mzinga haukatwi mpaka mwenye mzinga akubali."

Bwana Cletus, msimamizi wa barabara, mgeni katika nchi ile, akaja juu. "Nyuki wako wapi? Si mtupu ule?"

"Mtupu au una nyuki, ndugu, umeshatundikwa."

"Haya, wa nani?"

"Wangu mimi!" Katarina akapaza sauti, mwiko mkononi. Ulikuwa wa marehemu mumewe. Alikuwa ameutoa darini alfajiri, mwanawe Yohani akautundika.

Soko zima likaangua kicheko. Mwanamke na mzinga wapi na wapi! Hiyo ni kazi ya wanaume. Hata Gaspar akatikisa kichwa. "Mama, kama katundika mwingine, sema tu. Mzinga ni wa aliyeupandisha."

Loo! Hapo Katarina akawaka. Akautupa mwiko, akajifunga kanga kibwebwe, akalikumbatia shina. Miaka hamsini na miwili, jamani, na mwili wake ule wa haja!

"Mama Yohani, utavunjika!"

"Nyamazeni huko!"

Ndala moja ikamwangukia muuza nyanya kichwani. Tawi likalia, wanawake wakaziba macho, yeye huyo, juu kwa juu, mpaka akaufikia mzinga. Akalifungua fundo la kamba, akalifunga upya kwa mikono yake mwenyewe, watu wote wakiona.

Soko likalipuka! Vigelegele, miluzi, masufuria yakipigwa miiko.

Gaspar akaweka shoka chini, na wenzake wakaweka yao. "Mwenyewe yuko juu, ndugu. Muulize."

Cletus akayatazama yale mashoka saba, akainua uso. "Mama, unakubali tuukate?"

"Sikubali!"

Cletus akashusha pumzi, akawageukia wakataji. "Haya, ng'oeni vigingi vya barabara. Itauzunguka mti."

Katarina akalia kwa furaha hukohuko juu. Sasa ashuke! Akatazama chini, miguu ikagoma, mikono ikaganda tawini.

"Jamani, nishusheni!"

Gaspar akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akapanda na ile kamba nene waliyokuja nayo kuuangushia mkwaju, akamfunga kiunoni, na wenzake wote wakaishika chini, wakamteremsha taratibu.