Mitego Chini ya Kioo cha Saa

Mke wa fundi saa, enzi za uhai wake, majirani walimwita Mama Chupa, maana kazi yake pale maabara ilikuwa kulea mimea ndani ya chupa. Alikata kipande cha jani kidogo kama ukucha, akakipandikiza kwenye ute mgumu kama jeli, akafunga kifuniko, na baada ya miezi kadhaa chupa ilijaa vitoto. Mimea mingine ilikuwa ile inayonasa inzi na kuwala. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Mumewe alimtania kwamba ameoa mkunga wa majani.

Mama Chupa alikufa, akaacha chupa moja kwenye rafu ya jikoni. Ndani mlikuwa na miche ya hiyo mimea ya kula inzi, kila mmoja mdogo kuliko kifungo cha shati, na vimitego vyake vyenye meno kama ya kitana. Ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yake. Watoto hawakujaliwa kupata, na nguo zake ndugu walishagawana. Katika nyumba nzima, kitu chake chenye uhai kilikuwa hicho tu. Kila asubuhi fundi aliiamkia chupa kabla ya kunywa chai, na anayetaka kumcheka na acheke.

Siku zilivyokwenda, ute ukaanza kukauka na majani ya chini yakageuka kahawia. Fundi akaingiwa na hofu. Akamwita shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyefanya kazi maabara ileile.

"Chakula kimewaishia, shemeji," alisema yule mama, akiigeuza chupa kwenye mwanga. "Lazima watoke."

"Wakitoka?"

"Wengine watakufa. Wasipotoka watakufa wote. Majani haya yamekulia kwenye unyevu, hayana ngozi ya kuhimili upepo. Wachukulie kama watoto njiti. Waoshe ute wote, wapande kwenye udongo huu niliokuletea, maji ya mvua tu, kisha wafunike. Ukiona wametulia, funua kidogo, kesho kidogo zaidi. Na usiwasumbue."

Fundi aliitikia kwa kichwa kila neno. Yote aliyashika, isipokuwa hilo la mwisho.

Kazi yenyewe aliifanya vizuri, tusimnyime haki yake. Alivaa lenzi yake jichoni, akashika kibano, akausafisha ute mzizi kwa mzizi bila kukata hata mmoja. Vifuniko hakwenda kununua. Alichukua makuba ya kioo ya saa za mezani ambazo wenyewe walizisahau kwake, akaifunika miche, akaipanga dirishani.

Lakini mkono wa fundi hautulii. Mtu aliyezeeka na saa, akitaka kujua kama saa ni nzima, hukigusa kidogo kile kigurudumu cha ndani. Kikiyumba, ina uhai. Kisipoyumba, anaanza kuhangaika. Asubuhi ile ya kwanza fundi aliinua kioo, akachukua brashi yake laini ya kufutia vumbi, akagusa vinywele vilivyomo ndani ya mtego. Akagusa tena. Mtego ukajifumba.

Fundi alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. "Kumbe uko hai, mama!"

Akaenda kwa wa pili, na wa tatu, mpaka akaimaliza yote. Tangu hapo, kila siku kabla ya kufungua duka, aliizungukia na brashi yake kama daktari wa wodi.

Kisha mitego ikaanza kujifumba kwa uvivu. Mingine ikajifumba isifunguke tena, ikawa myeusi. Fundi akaisogeza mbali na jua, akairudisha. Akaongeza maji, akayapunguza. Akaacha kufunua vioo kabisa, isipokuwa kwa ajili ya brashi. Mche wa kwanza ukafa, ukafuatwa na mwingine, naye hana la kufanya isipokuwa kuijaribu iliyobaki, maana kadiri ilivyodhoofu ndivyo alivyotaka uhakika.

Shemeji aliporudi, alikuta umebaki mmoja.

"Na hii brashi?"

"Ya kuwajaribu."

"Kuwajaribu nini?"

"Kama wako hai."

Yule mama alijishusha kitini taratibu. "Shemeji, mtego kujifumba ni kazi nzito. Mmea unatumia nguvu zake ukitegemea umepata inzi. Usipopata kitu, umepata hasara. Mkubwa huvumilia mara chache tu. Hawa wachanga, hata mizizi haijashika!"

"Basi nimewaua mimi."

Shemeji alinyoosha mkono, akaichukua ile brashi.

Fundi akatazama mlango wa chumbani. Mle ndimo alimolala mkewe wakati wa ugonjwa, naye fundi kila mara aliacha saa za watu mezani akaenda kuchungulia. Umelala? Unanisikia? Hata akiwa usingizini alimgusa bega, mpaka afumbue macho. Siku moja mkewe alimwambia kwa sauti ndogo, "Mume wangu, kila ukiniuliza nakujibu. Na kujibu kunanichosha." Fundi alidhani ni utani wao wa siku zote.

"Hata dada yako nilimfanya hivihivi," alisema.

"Dada aliuawa na ugonjwa. Usichanganye mambo."

"Najua."

Alijua kweli, lakini kujua hakukumsaidia chochote.

Shemeji aliitia brashi kwenye mkoba wake, akasimama aende.

"Sasa nitajuaje kama yuko hai?" fundi alimuuliza mlangoni.

"Hutajua. Ukiona jani jipya, shukuru. Usipoliona, subiri."

"Mpaka lini?"

"Hata mimi sijui, shemeji yangu."

Fundi akarudi dirishani, akavuta kiti. Chini ya kioo mche ulikuwa umeacha wazi mtego wake mmoja, wenye weusi pembeni, na mvuke umetanda kwenye kioo, fundi asiuone sawasawa. Brashi haikuwepo, lakini kidole kingetosha. Akaikalia mikono yake yote miwili. Akafungua mdomo auulize kama umelala, kisha akaufumba.