Ombi la Mwana wa Dobi

Katika wanawake wote wa rika langu mtaani hapa, anayeijua kompyuta ni mimi peke yangu. Najua kuiwasha. Kuizima sijui, na bahati nzuri ile ya kwetu haitakiwi kuzimwa.

Iko chumba cha nyuma, kati ya rafu ya mashati yaliyokwisha pigwa pasi na kapu la yale ambayo bado. Mimi ni dobi. Nimefua nguo za watu miaka thelathini na nane, shule niliishia darasa la saba, na mtoto wangu wa pekee alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta. Ukitaka kujua akili aliitoa wapi, usiniulize mimi, na marehemu baba yake ndiyo kabisa.

Katika programu zake zote, kulikuwa na moja aliyoipenda kuliko nyingine. Mkewe ni muuguzi, kitengo cha damu. Zamani damu ikipungua hospitali, mkwe wangu alikuwa anashika daftari na simu, anawapigia wachangiaji mmoja mmoja. Huyu hapokei, yule kachangia juzi, yule kahama. Mwanangu akamtengenezea kitu. Mkwe anaandika kwenye simu yake kundi la damu linalotakiwa, kompyuta ya hapa nyumbani yenyewe inatafuta watu wa kundi hilo walio karibu na waliopumzika miezi ya kutosha, inawatumia ujumbe kwenye simu. Wachangiaji elfu moja na mia nne. Haipiti nusu saa, mtu anaingia hospitali anakunja mkono wa shati.

Shida ilikuwa lugha. Kompyuta zina lugha zake za kuandikiwa, na mwanangu aliandika kwa lugha mpya, changa, ambayo haikuwa imefikisha hata miaka mitano. Alisema anaipenda kwa sababu haimwachii mtu uzembe. Ukikosea inakukatalia palepale, haingoji mpaka mgonjwa awe kitandani. Nikamwambia lugha hiyo ingenifaa kwa wateja.

Programu kama ile haifai kukaa nyumbani. Inatakiwa ipelekwe kwenye kampuni zenye seva, yaani kompyuta kubwakubwa zisizozimwa, zenye jenereta lake na ubaridi wake. Wenyewe wanapaita winguni, ingawa mwanangu alinionyesha picha, ni ghala tu lina bati. Kampuni aliyoitegemea ilikuwa inapokea programu za lugha nne za zamani. Ya kwake haikuwamo.

Akapeleka ombi waiingize. Wana ukurasa wao mtandaoni, mtu anaandika anachotaka, na wengine wanaokitaka wanabonyeza kumuunga mkono na kuongeza maneno yao. Aliandika yote: programu ya damu, hospitali, kwa nini lugha ile. Jina akajiita Mwana wa Dobi. Nikamfokea kwamba ananitangaza ovyo. Kumbe moyoni nilikuwa nimeshavimba kama shuka kwenye kamba siku ya upepo. Mwezi wa kwanza waliomuunga mkono walikuwa tisa. Walipofika sitini na mmoja, akafa.

Homa ya siku nne. Sitaieleza. Jumatatu aliingia hospitali anatembea, Alhamisi alfajiri mkwe wangu akarudi peke yake, amebeba viatu vya mumewe kwenye mfuko.

Asubuhi ile, kabla hajakaa, alikwenda kwenye kompyuta akaandika ujumbe mmoja, akautuma kwa wachangiaji wote elfu moja na mia nne: "Aliyetengeneza huduma hii amefariki leo alfajiri. Alikuwa akiwashukuru kila siku. Msiache kuja." Kisha akavua saa yake ya kazi, akalala sakafuni.

Msiba ulipita. Nguo hazijui msiba, kapu lilijaa vilevile.

Mwezi wa tatu baada ya mazishi, umeme ulikatika saa nne asubuhi na kompyuta ikanyamaza. Hospitali kulikuwa na mzazi anavuja damu. Mkwe akaandika kundi linalotakiwa, ujumbe haukutoka. Akarudi kwenye daftari lake la zamani. Jioni aliporudi alikaa kwenye ngazi na sare yake, hakuingia ndani.

"Mama, leo nimepiga simu kumi na nane za bure."

"Na ya kumi na tisa?"

"Huyo alikuja. Alikuwa bafuni, akasikia simu. Angejipaka sabuni mara ya pili, yule mama tungemfunika."

Tulimwita mtaalamu mmoja aje kutazama. Akasema kompyuta imechoka, mwaka hauishi itakufa. Tukitaka, programu inaweza kuandikwa upya yote kwa lugha ya zamani, hiyo kampuni itaipokea, ila kazi hiyo inataka mwaka au zaidi. "Na hii ya marehemu mtaitupa," akasema, kama anayezungumzia soksi. Mkwe akasema atafikiri. Mimi sikutaka kufikiri. Ndani ya programu ile, katikati ya maneno ya kompyuta, mwanangu alikuwa ameacha maneno yake mwenyewe ya kujikumbusha. "Hapa rudia, uliandika ukiwa na usingizi." "Hapa usiguse, panafanya kazi na hujui kwa nini." Asubuhi mkwe akienda zamu nilikuwa nayasoma. Ilikuwa ndiyo sauti iliyobaki.

Ndipo siku moja ikatokea barua kwenye kioo cha kompyuta. "Ndugu Mwana wa Dobi. Kwa muda mrefu hujaandika neno kwenye ombi lako. Je, bado unahitaji? Kwa kanuni zetu, mwenye ombi asipojibu ndani ya siku saba, ombi hufungwa na walioliunga mkono hufutwa." Chini yake: Mratibu wa Maombi. Waliomuunga mkono walikuwa wamefika mia na nne. Watu mia na nne wafutwe kama doa, kisa mwanangu hajibu. Atajibu vipi?

Neno lake la siri nililijua. Alilibandika chini ya meza, kwenye kipande cha kitambaa kama vile ninavyobandika namba kwenye nguo za wateja. Nikavaa miwani. Kwa kidole kimoja, robo saa nzima, nikaandika: Bado nahitaji.

Nikaapa ni mara hiyo tu.

Mratibu akawa anauliza kila baada ya mwezi, nami najibu. Tatizo likawa wale wengine. Kulikuwa na mmoja anajiita Bundi, mwingine anajiita Kucha, nao walikuwa na maswali. Bundi aliuliza, "Unatumia toleo gani?" Nikajibu, "La zamani kidogo." Kucha akauliza programu yangu inakula kumbukumbu kiasi gani. Nikaandika, "Kiasi." Wakaanza kuambiana kwamba Mwana wa Dobi ni mtu wa maneno machache, hao ndio wataalamu wa kweli. Kumbe mtaalamu anatafuta herufi ya K iko wapi.

Ilifika siku wakagombana. Kampuni ilikuwa inaogopa kwamba lugha mpya ikiingizwa kwenye seva zao itaharibu programu za zamani. Kucha anasema woga wa bure, Bundi anasema si bure, wakatoleana maneno ambayo nisingeruhusu yasemwe mbele ya nguo za watu. Nikaona ombi la mwanangu linachafuliwa. Nikaandika kwa ninalolijua:

"Nguo mpya haichanganywi na za zamani beseni moja. Hujui kama inachuja. Ifue peke yake mara tatu nne, ukiona maji yanabaki meupe ndipo uichanganye."

Nilikuwa nimewakemea tu. Asubuhi iliyofuata nikakuta watu sabini wamelibonyeza neno lile. Bundi ameandika, "Mwana wa Dobi amemaliza. Itengewe seva zake kwanza, ijaribiwe huko." Na Mratibu ameandika, "Pendekezo hili nalipeleka kwa wakubwa." Nikaenda kufua.

Wiki ileile mkwe alirudi zamu mapema. Hakusalimu. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mkoba bado begani.

"Mama, nimemwona."

"Nani?"

"Nilifungua kwenye simu ule ukurasa wa jina lake, siyo wa ombi, huwa naufungua nikimkumbuka. Pembeni ya jina lake pana alama ya kijani. Inawaka mtu akiwepo." Akaushusha mkoba. "Ilikuwa inawaka. Nimekaa chooni kazini robo saa naitazama. Kisha ikazimika."

Nimewahi kuunguza shati la bwana harusi asubuhi ya harusi yake. Sikujisikia vibaya kama siku hiyo.

"Kompyuta hizi, mwanangu," nikasema, "zina mambo yake."

Alinitazama muda mrefu. Mkwe wangu hajui kusema uongo. Hata mgonjwa hamwambii kwamba sindano haiumi. Akasema, "Labda," akaingia ndani.

Niliapa tena kuacha. Lakini asubuhi yake nilikuta miwani yangu, ambayo huwa naiacha popote na lenzi zina mvuke na wanga, imefutwa safi, imewekwa mbele ya kompyuta. Kwa hiyo niliendelea.

Mwezi uliofuata Mratibu akaandika kwamba wakubwa wamekubali majaribio. Seva za peke yake, programu kumi za kwanza. Ya damu ilikuwa ya kwanza katika kumi. Ila anataka kuzungumza na mwenye ombi kwa simu. Nikajibu, "Koo limeniuma, sina sauti." Akaandika pole. Baada ya siku tatu akauliza kama sauti imerudi. Nikaandika bado. Akaandika, "Basi nitakuja mwenyewe. Naona kwenye fomu uliyojaza zamani kwamba tuko mji mmoja."

Alikuja Jumamosi saa tano. Nilikuwa napiga pasi. Kijana wa miaka thelathini na kitu, shati lake limepigwa pasi vibaya begani, nikamsamehe.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye Mratibu wa Maombi. Nimemfuata Mwana wa Dobi."

"Marahaba, baba. Karibu, kaa hapo." Nikaikandamiza pasi kwenye ukosi wa shati la watu ili nisimtazame. "Amelala. Lile koo halijamwacha."

"Yuko humu ndani?"

"Chumba cha nyuma."

"Nitamsubiri aamke. Sina haraka."

Nikageuza shati. Nikapiga mgongo, nikapiga mikono, nikarudia mgongo. Ndani nilikuwa nasema, Mungu wangu, akifungua ule mlango ataona kompyuta na kapu. Kanuni inamtaka mwenye ombi mwenyewe. Mwenye ombi akiwa hayupo, ombi linafungwa, na siku ile kompyuta itakapokufa mkwe wangu atarudi kwenye simu kumi na nane.

Mlango wa mbele ukafunguliwa, mkwe akaingia kutoka zamu. Kijana akasimama, akajitambulisha, akasema amemfuata mumewe. Rangi ya mkwe ilibadilika. Nilitaka kukohoa nimpe ishara lakini kikohozi kikagoma. Mkwe alinitazama mara moja. Kisha yule mwanamke ambaye hajui kusema uongo akajinyoosha na sare yake, akasema:

"Amesafiri, kaka. Atarudi wiki ijayo."

Kijana akautazama mlango wa chumba cha nyuma. Akanitazama mimi. Akamtazama mkwe.

"Amesafiri akiwa amelala?"

Kijana akatoa simu mfukoni, akatafuta kitu, akaiweka juu ya meza ya pasi mbele yangu. Nilivaa miwani. Ulikuwa ni ujumbe wa zamani. "Aliyetengeneza huduma hii amefariki leo alfajiri. Alikuwa akiwashukuru kila siku. Msiache kuja."

"Mimi damu yangu ni O hasi, mama," akasema taratibu. "Programu ya mwanao imeniita mara saba. Ujumbe huu ulinikuta ofisini. Nilijua Mwana wa Dobi ni nani, aliandika yote kwenye ombi lake. Miezi mitatu nililiacha wazi, mkono haukuweza kulifunga. Mwisho kanuni ikanibana, nikauliza kama bado anahitaji, ili nilifunge kwa heshima." Akautazama mlango wa nyuma. "Akajibu."

Mkwe alijiziba mdomo. Sikujua kama ni kicheko au kilio, na nadhani yeye pia hakujua.

"Nikaona, ikiwa yupo anayehitaji kiasi hicho, si kazi yangu kumuuliza ni nani. Nikaendelea kuuliza swali langu kila mwezi." Akatoa karatasi kwenye bahasha, akamwekea mkwe na kalamu. "Majaribio yanaanza Jumatatu. Mwenye programu akiwa hayupo, mkewe anaruhusiwa kusaini. Hilo nimelihakikisha kabla sijaja, msinione mjinga. Ningependa tuihamishe kabla ya siku hiyo."

Mkwe akaisoma yote, mstari kwa mstari, kama anavyosoma lebo za chupa za damu. Akasaini. Machozi yalidondoka karibu na sahihi, akayafuta kwa mkono wa sare kabla hayajafika kwenye wino.

Mimi bado nilikuwa na pasi mkononi, nimeirudia kwenye ukosi uleule. Ilibidi niseme kitu.

"Mimi hayo mambo ya kuandika siyajui, baba. Nimeishia darasa la saba. Unavyoniona hapa, kazi yangu ni pasi tu."

Kijana akachukua simu yake kutoka mezani. Akaliangalia feni lililoacha kuzunguka pale pembeni, akaiangalia taa, kisha akaushika ukosi wa lile shati kwa vidole viwili.

"Basi ipumzishe, mama," akasema. "Umeme umekatika tangu nilipopiga hodi."