Sauti ya Akida Mhina

Asubuhi aliyoondoka kwenda kuwa akida wa Korogwe, Mhina alikunywa uji wa mtama uani kwake Sindeni, akalalamika kwamba umepoa, akaamua kesi ya mbuzi kabla hajaweka kata chini. Mbuzi wa Mdoe alikuwa amekula mihogo ya Bibi Amne iliyoanikwa juani.

"Mdoe, utampa bibi maziwa mpaka mihogo mingine ikauke," alisema. "Na wewe, bibi yangu, acha kumwita mbuzi wa watu mchawi."

Watu wakacheka, kesi ikaisha. Ndivyo mambo yalivyokuwa yakiisha siku zile, na aliyeziona mpaka leo anazionea uchungu.

Sauti ndiyo iliyompandisha Mhina. Ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo kidogo, na mtu aliyekuja na panga mkononi aliisikia akajikuta ameketi. Wadachi walipojenga boma wakamfanya jumbe. Mwaka reli ilipofika Korogwe wakamtaka awe akida, avae kanzu nyeupe na awatafutie watu wa kulima mkonge. Mkewe, Mwantumu, hakutaka kuhama.

"Ngoja nipalilie kwanza," alisema, na kila mtu alijua maana yake ni hapana.

Sasa, watu wa Sindeni wakitaka kuvuka mto mkubwa husimama ukingoni, wakajiita kwa jina kwa sauti, ili kisibaki kitu chao nyuma. Hata mtoto mchanga huitiwa na mama yake. Mhina alifika mto Pangani amebebwa kwenye machela, askari mbele, karani wake Simeo pembeni. Akaona haya. Akida mzima asimame ukingoni akijiita kama mtu aliyejipoteza sokoni! Akaingia mtumbwini kimya kimya. Alipofika ng'ambo alitaka kuwashukuru wapiga kasia. Kinywa kikafunguka, kisitoke kitu.

Sauti ilirudi Sindeni kwa njia ileile, ikifika kila mlango na kuuliza wa humu wameshindaje. Bibi Amne ikamwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba. Mwantumu aliisogezea kigoda. Tangu siku hiyo iliamua kesi uani kama kawaida na kulalamika juu ya uji. Waliipenda mno, na wengine walisema afadhali hivyo, maana mwenyewe alikuwa akikoroma.

Huko Korogwe ububu haukumdhuru Mhina. Serikali ilikuwa haijawahi kupata akida asiyebisha. Alitikisa kichwa, Simeo akaeleza maana yake, na maana yake kila mara ikawa ndiyo. Wakamwongezea vijiji, kisha wakamjengea nyumba ya bati. Usiku alilala akiisikiliza mvua juu ya bati na kuikumbuka mvua ya Sindeni, ambayo juu ya nyasi haikuwa na makelele.

Kisha askari wakakusanya vijana wa Handeni, hata wa Sindeni, wapelekwe kwenye shamba moja la mkonge, na Hiza, mtoto pekee wa Mhina na Mwantumu, alikuwamo. Shamba hilo lilikuwa na homa, na wengi waliokwenda hawakuonekana tena. Walipangwa mbele ya baraza la Korogwe. Bwana mkubwa, Mdachi wa boma, akasema akida anaweza kumwachia yeyote amtakaye. Neno lake moja latosha.

Hiza alimwona baba yake.

"Tate," alisema, "sema."

Mhina akafungua kinywa. Machozi yakamtoka. Akamshika mwanawe mkono, akauvuta kifuani pake, akatikisa kichwa kwa nguvu. Simeo hakuwa mtu mbaya, ila saa ya chakula ilikuwa imempita. Akatafsiri:

"Akida anasema anamtoa mwanawe kwa mkono wake mwenyewe, ili wengine waone."

Bwana mkubwa alisimama, akampigia saluti. Vijana wakaondolewa.

Saa hiyohiyo, Sindeni, sauti ilikuwa katikati ya shauri la mpaka wa shamba. Ikakatika. Halafu ikasema kwa nguvu ambayo watu hawakuisikia tangu ujana wake:

"Mwacheni Hiza arudi nyumbani."

Ikawa inasema hivyo kila jioni, masika na kiangazi, hata baada ya habari kuletwa kwamba Hiza amezikwa hukohuko kwenye mkonge na kwamba baba yake amevishwa nishani. Na watu wa Sindeni waliitii papo hapo, kama walivyoitii siku zote. Waliacha walichokuwa wakifanya, wakatazama mikononi mwao, kila mtu mikononi mwake. Sindeni hapakuwa na mtu aliyemshika Hiza.

"Wamesikia, baba Hiza," Mwantumu aliijibu, akaisogezea ugali.