Nyumbani kwa Bibi Ganzi

Ndoto ya mchana watu wazima hawaitilii maanani. Watakwambia ni maharage ya kantini yanatafuta njia, au ni jua limempata mtu utosini, na mara nyingi huwa wamesema kweli, kwani maharage ya kantini ile yana mambo yake. Lakini ndoto aliyoota Tusekile siku ya mahafali yake, akiwa amejitupa kitandani na viatu miguuni huku joho limetundikwa mlangoni, haikutoka kwenye sahani. Ilitoka mahali alipokuwa amepafunga mwenyewe kwa muda mrefu, akadhani amekwisha kupasahau.

Kwanza mjue darasa lake lilikuwaje. Wanaosomea sayansi ya maabara ya tiba katika chuo kile cha kilimani ni wachache mno, wanaenea kwenye meza moja ya chakula, na mwaka wa kwanza hujifunza kutoa damu kwa kuchomana wao kwa wao. Kila mmoja hupewa mwenzake, na huyo mwenzake huitwa mkono wake. “Huyu ndiye mkono wangu,” utawasikia wakitambulishana, na mgeni akibaki kinywa wazi wao hucheka. Ukishamchoma mtu ukamkosa, ukamchoma tena ukamkosa tena, naye akauma meno asikutie aibu mbele ya mwalimu, kisha zamu yake ikafika akakulipa, hamwezi tena kuwa watu baki. Ndiyo maana siku ya mahafali, baada ya shughuli kubwa ya asubuhi na hotuba zake zisizojua kukoma, hukusanyika alasiri kwenye ukumbi mdogo nyuma ya maabara. Hapo kila mmoja humsimamisha mkono wake mbele ya wazazi, akamtaja kwa jina kamili, akasema jambo moja juu yake ambalo walimu hawakupata kulijua. Ndipo vigelegele vipigwe, ndipo pilau iteremshwe. Mwiko ni mmoja: mtu hatajwi na yeyote ila mkono wake.

Mkono wa Tusekile alikuwa Lugano Mwasomola, kijana wa Tukuyu, mrefu, mtu wa utani, mwenye mishipa myembamba inayokwepa sindano. Likizo ya mwaka wa tatu, pikipiki aliyopanda ilikutana na lori kwenye kona yenye ukungu. Tusekile alikwenda mazikoni, akaosha vyombo pamoja na wanawake wa ukoo, akarudi chuoni, akafanya mitihani, akaongoza darasa. Walimu wakamtoa mfano kwa wengine, wakasema binti yule ana moyo wa chuma. Yeye akawaambia asanteni.

Na sasa mama yake Lugano alikuwa njiani, amealikwa na darasa zima aje aone wenzake mwanawe walivyofika. Hoza, kiongozi wa darasa, alimfuata Tusekile adhuhuri baada ya hotuba, akajikuna shingo, akasema, “Dada, lile jambo letu la alasiri. Tumefikiri tukupe mkono wa akiba. Mwalimu Kilasara amekubali asimame nawe.”

“Sawa tu,” akasema Tusekile.

“Na yule bwana utamtaja wewe, siyo? Maana mama yake…”

“Nadhani sitakuja, Hoza. Mtanisalimia watu.”

Nyamizi, aliyelala naye chumba kimoja tangu mwaka wa kwanza na ambaye hajawahi kumeza neno likamshuka, alimfuata hadi bwenini. “Usipokuja hakuna wa kumtaja. Unalijua hilo. Mama wa watu atoke Tukuyu na mabasi yale, akae mbele pale, asikie watoto wa wenzake wakitajwa, wake aachwe kama hakuzaliwa?”

“Najua.”

“Basi kasirika! Lia! Nitukane hata mimi! Umekuwa kama ukuta, Tusekile.”

Tusekile alimtazama rafiki yake, akaona kwamba anampenda na kwamba maneno yale ni ya haki, akayaona yote hayo kwa mbali, kama mtu anayetazama mvua iliyo bonde la pili. Akasema amechoka, akalala. Usingizi ulimchukua kabla Nyamizi hajafunga mlango.

Akajikuta katika mji asioujua, nyumba zote nyeupe, barabara ya vigae vilivyosuguliwa hadi mtu anajiona uso, na harufu ya dawa ya kusafishia imetanda kila mahali hivi kwamba hata upepo ulionekana kama umepigwa deki. Langoni alisimama mtu mnene aliyevaa kanzu ya kumetameta, mashada ya maua yamemjaa mikononi hadi kidevuni, akawa anamvisha kila apitaye bila kumtazama usoni. Huyo aliitwa Sifa. “Hongera, mheshimiwa! Hongera, shujaa! Hongera, moyo wa chuma!” akamwambia Tusekile, akamvika shada, kisha akamgeukia mbwa aliyekuwa akipita nyuma yake, naye akamvika la kwake na kumwita profesa. Siku nyingine Tusekile angecheka hadi akae chini.

Ndani ya lango alimkuta mwanamke mwembamba, mikono ya gauni imekunjwa hadi viwikoni, macho mekundu ya kukosa usingizi. Alimtambua mara moja, maana walikuwa wamekesha pamoja muda mrefu. Alikuwa Bidii. Kama moyo ungeweza kufurahi, ungemfurahia, kwa kuwa tangu msiba ule Bidii ndiye aliyekuwa akimwamsha alfajiri, akimketisha mbele ya hadubini, akimwambia soma ukurasa mwingine, osha chombo kingine, usikae bure. “Tembea nami,” alisema Bidii, naye alisema kwa utulivu wa mtu asiyepoteza pumzi. “Anayetembea hafikiri, na asiyefikiri hajikwai. Nimekufikisha mbali kuliko wenzako. Imebaki nyumba moja tu, nayo ni ya kupumzikia.” Wakaifuata ile barabara ya vigae, Bidii mbele na Tusekile nyuma, wakapita bustani ambazo maua yake hayakuwa na harufu na visima ambavyo maji yake hayakuwa na baridi wala joto, na Tusekile hakuuliza lolote, kwa sababu kuuliza kulimtaka mtu awe na hamu ya kujua.

Nyumba ya kupumzikia ilikuwa ya Bibi Ganzi. Mwenyewe aliwapokea barazani, mama wa makamo, koti jeupe limepigwa pasi likakaa sawasawa, sauti yake laini kama ya mtu anayembembeleza mtoto wa mwenzake. “Karibu, mwanangu. Humu hakuna anayeumia. Watu hudhani mimi ni mbaya, lakini niulize ni nani aliyekushika siku ile ulipopigiwa simu, kama si mimi? Mwili wenyewe huniita mambo yanapouzidi. Nilikuja kwa usiku mmoja, ukaninyamazia nikae, nikakaa.” Akamwonyesha ukumbi ambamo watu wa kila umri waliketi wameweka mikono magotini, nadhifu, wapole, wanaomwambia asante kila anayepita. Katikati kulikuwa na kiti kitupu. “Hicho ni chako. Keti, na hakuna mtihani utakaokushinda.”

Tusekile akamgeukia Bidii. “Kumbe wewe na huyu mnajuana?”

“Mimi ni mtumishi,” akasema Bidii bila haya. “Anayenituma ndiye ninayemtumikia. Kwa wengine nimetumwa na Upendo, kwa wengine na Njaa. Kwako nilitumwa na huyu.” Akaanza kupangusa meza ambayo haikuwa na vumbi.

Hapo ndipo Tusekile alipoona dirisha dogo ukutani, kama lile la maabara ambamo mgonjwa hupitisha mkono atolewe damu. Mkono ulikuwa umelala pale, umetokea upande wa nje, kiganja juu. Aliusogelea kwa mazoea tu, kama fundi asogeleavyo kazi, na alipoinama aliona kwenye kunjo la kiwiko kialama kidogo cheusi, pale alipokuwa amechoma vibaya wiki ya kwanza ya masomo mpaka mwenye mkono akapepesuka na kuanguka chini ya meza. Huyo alipozinduka alikuwa amesema, “Wewe si daktari, wewe ni mbu mwenye cheti.” Tusekile aliyakumbuka maneno. Akaitafuta sauti iliyoyasema, hakuipata. Akautafuta uso, akakuta mahali pa uso pameoshwa, peupe kama vigae vya barabarani. Alijua kwamba alipaswa kuogopa, na hakuogopa. Akaweka kidole penye kunjo kuutafuta mshipa, akabonyeza, akasogeza, akabonyeza tena. Kidole hakikumwambia kitu.

“Achana na dirisha hilo,” akasema Bibi Ganzi kwa upole. “Ni la yule wa nje.”

Wa nje alikuwa mwanamke aliyekaa chini kwenye udongo, khanga imeloa umande, miguu ina matope, na ndiye aliyekuwa ameukumbatia ule mkono kifuani ili usipate baridi. Watu wa mji ule walimwita Majonzi na kumfungia malango, wakisema huvunja nyumba. Hakuwa mzuri wa uso, lakini alipomtazama mtu alimtazama mzima. “Mlifundishwa nini, mwanangu?” akauliza. “Mshipa hautafutwi kwa macho. Hutafutwa kwa ncha ya kidole, nacho kidole kilichokufa ganzi hakitaupata hata kama umejaa damu tele. Huyo mama wa ndani hakukuibia. Ulimpa maumivu akutunzie, lakini maumivu yako na mtu wako vilikuwa vimefungwa kwenye kitambaa kimoja, akavichukua vyote. Mimi sikuja kukuvunja. Nimekaa hapa dirishani tangu siku ile, nimekushikia mkono huu, na nimechoka, kwa maana si wangu.”

“Nifanye nini?”

“Mtaje.”

“Lugano.”

“Kwa jina lake kamili. Si ndiyo desturi yenu?”

“Lugano Mwasomola.”

“Bado,” akasema Majonzi. “Hujalikamilisha.”

Tusekile aliwaza. Akalitaja na jina la babu, akalitaja na lile la ubatizo, na kila mara Majonzi akatikisa kichwa taratibu, bila hasira. Nyuma yake Bibi Ganzi alikuwa amemwekea mkono begani, mkono mzuri, usio na uzito. “Ukilikamilisha jina hilo, mwanangu, sitaweza kukuwekea kiti tena. Wala sikutishi. Nakueleza tu.” Tusekile akafungua kinywa. Neno lilikuwapo, akalisogeza kwa ulimi kama mwiba wa samaki, halitoki wala halirudi. Na katika kuhangaika nalo, chini ya ncha ya kidole chake kitu kikagonga, kidogo sana, kikakimbia, kikarudi kikagonga tena. Alikijua. Hakuna mishipa mingine duniani iliyokuwa na tabia ile. Kikamuuma palepale kidoleni, akazinduka.

Nyamizi alikuwa amemshika bega anamtikisa. “Amka. Nimeshindwa kumzuia mama yake. Amesema kama huendi, anakuja yeye.”

Mlangoni, kando ya joho, alisimama mama mfupi mwenye pochi kubwa, vumbi la safari bado liko kwenye viatu. Tusekile alikuwa amemwona mara moja tu, mazikoni, kwa nyuma. Akainuka.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Wameniambia hujisikii vizuri.” Mama akazungusha macho chumbani kama anayetafuta pa kuyaweka. “Watoto wazuri nyote. Mmenipokea vizuri, nimepewa soda, nimepewa kiti cha mbele. Tangu nifike wananiambia ‘yule mwenzetu’, ‘yule kijana wako’, ‘alipotutoka’, ‘alipotangulia’. Hata mwalimu wenu. Wananionea huruma, naelewa.”

Ndipo Tusekile alipofahamu ni neno gani lililokuwa limekosekana mbele ya jina lile. Tangu siku ya simu ile hakuwa amelitamka hata mara moja. Darasa zima halikuwa limelitamka, kila mmoja akimhurumia mwenzake, na kwa huruma yao wote wakawa wamemweka Lugano mahali pasipo na jina, si huku kwa walio hai wala kule. Akasimama wima, mikono imenyooka ubavuni, kama wanavyosimama ukumbini. Kifuani bado kulikuwa kimya karibu kote. Palipouma palikuwa padogo, ungeweza kupafunika kwa kidole, lakini palikuwa pakiuma kwelikweli.

“Mama,” akasema, “mimi naitwa Tusekile. Mkono wangu ni marehemu Lugano Mwasomola.”

Nyamizi akaketi kitandani kwa kishindo, akajifunika uso. Mama akaiweka pochi chini, akavuka chumba, akamshika Tusekile mashavu yote mawili kwa viganja vyake vikavu.

“Ndiye,” akasema. “Ndiye huyo, mwanangu. Sasa nimemsikia. Haya, vaa joho lako twende, ukamtaje na mbele ya watu.”