Gari la Zimamoto Lililoandikwa Lori

Jailos alikuwa amesimama kwenye yadi ya forodha, vumbi la Mbeya limemjaa kooni, akimwonyesha ofisa Lugano pampu ambayo Lugano hakutaka hata kuitupia jicho.

“Mkuu, si unaiona mipira hii? King'ora hiki hapa. Tangi nimelijaza tangu asubuhi. Niruhusu nikate huu waya wa lakiri mliyofungia pampu, nikuonyeshe linavyorusha maji.”

“Mzee, mimi sisomi mipira. Nasoma mfumo. Mfumo unasema lori la tangi, na lori linalipiwa ushuru.”

Gari lenyewe lilikuwa jekundu kuanzia bampa mpaka ngazi, ZIMAMOTO imeandikwa ubavuni kwa herufi ambazo hata kipofu angezipapasa. Liliingilia mpaka wa Tunduma, likitakiwa kwenye kiwanda cha mbao Iringa. Zimamoto lina msamaha wa ushuru, lori halina. Wiki nzima Jailos anapigwa danadana, na bosi wake alishamwambia asipolifikisha, kazi hana. Kila jioni Lugano alimwambia lile lile, bosi wako aongee na sisi vizuri. Maana yake kila dereva wa njia hiyo anaijua.

Alikuwa analala kwa mdogo wake Esnath, fundi wa milango inayouzwa soko la Mwanjelwa. Karakana yake iliegemea ukuta wa yadi. Ni huko ukelele ulikotokea.

“Kaka! Maranda ya mbao yanawaka! Kaka Jailos!”

Moshi ukapanda juu ya ukuta.

“Mkuu, nifungulie. Ni hapo tu!”

“Ukigusa lakiri umevunja sheria.”

“Mdogo wangu yumo ndani!”

“Basi wapigie zimamoto.”

Lo! Akayasema hayo ameliegemea gari. Jailos alichukua koleo akakata ule waya, akaruka kwenye usukani na kutoka getini.

Maji yaliruka vizuri ajabu. Yaliuzima moto wa mlangoni, Esnath akatoka anakohoa, nyusi zimeungua, na watu wakapiga vigelegele. Lakini nyuma, kwenye mashine ya randa na mbao zote alizokopa, moto ulikuwa unakula. Jailos akaburuta mpira kuelekea huko.

Mara mpira ukalegea mikononi. Aligeuka. Lugano alikuwa amezima pampu, askari yuko kando yake.

“Tangi bado nusu, mkuu! Nusu nzima!”

“Kumbe kweli ni zimamoto,” Lugano alisema, anabonyeza simu yake. “Nitalibadilisha kwenye mfumo. Ila msamaha ni wa magari mapya, mzee. Hili umeshalitumia.”

Pingu zikambana Jailos. Lugano akafunga lakiri mpya, akaivuta mara mbili kuhakikisha imeshika. Esnath na majirani walikuwa wanapokezana ndoo kutoka bombani, na kila safari iliwabidi walizunguke gari.